Chumvi haina huruma: Itayarishe pikipiki yako kabla ya masika na kusi

Je, msomaji mpenzi, umewahi kupita pale Ngome ya Yesu ukaitazama ile mizinga ya kale ya chuma? Unene wake unashinda paja la mtu mzima. Ilitengenezwa ili itumike kando ya bahari, katika vita na katika mvua. Hata hivyo, ikiachwa bila kutunzwa, hewa ya bahari huila kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Ikiwa chuma kinene namna ile hakina usalama, sembuse cheni ya pikipiki iliyo nyembamba kama kidole?

Wengi wetu tunaoishi kisiwani Mombasa tunadhani kwamba adui wa pikipiki ni mashimo ya barabarani na mizigo mizito. Ni kweli, hayo ni maadui. Lakini yuko adui mwingine asiyepiga kelele, naye ni chumvi. Hushinda na pikipiki yako mchana kutwa na hulala nayo usiku kucha. Miezi ya masika na ya upepo wa kusi ndiyo miezi anayofanya kazi kwa bidii zaidi.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, chombo hiki kimeingia katika maelfu ya nyumba. Kwa familia nyingi za Mji wa Kale, Bondeni, Likoni na Kisauni, pikipiki ndiyo karo, ndiyo unga, ndiyo kodi ya nyumba. Isitoshe, wengi huinunua kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki. Cheni ikikatika katikati ya Mei, mkopo hausubiri mvua iishe. Na breki ikikataa kushika, linalopotea huenda likawa kubwa kuliko pesa.

Basi leo tuketi sote, baba, mama na vijana, tuone namna ya kuitayarisha pikipiki kwa miezi hii, iwe utaendelea kuiendesha au utaiweka.

UBARIDI WA WENZETU, CHUMVI YETU

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wenye pikipiki huwa na desturi moja. Majira ya baridi yakikaribia, wengi wao huziosha pikipiki zao, huzipaka mafuta, huziondoa betri na kuzifunika hadi joto lirudi. Sababu moja ni theluji na barafu. Sababu nyingine ni kwamba barabara zao humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia kila chuma cha gari na pikipiki.

Sisi hatuna theluji, lakini chumvi tunayo, tena ya bure, na haisubiri majira ya baridi. Upepo unapopiga mawimbi, matone madogo mno ya maji ya bahari hupaa hewani. Maji hukauka, chumvi hubaki, kisha hutua juu ya mabati, madirisha, nguo zilizoanikwa, na pikipiki iliyoegeshwa barazani. Ukitaka ushahidi, pitisha kidole juu ya tangi la pikipiki iliyolala nje usiku mmoja wa kusi, kisha ukionje.

Chumvi hudhuru kwa njia mbili. Kwanza, huvuta unyevu wa hewani. Chuma kisicho na chumvi hukauka upesi, lakini chenye chumvi hubaki na utandu wa maji hata siku isiyo na mvua. Pili, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita ndani ya chuma chenyewe. Ndiyo maana bolti ya chuma iliyokazwa ndani ya injini ya aluminiamu hugandamana hadi fundi anaikata. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, moja humla mwenzake.

Pale Ngome ya Yesu lipo somo kubwa kuhusu jambo hili. Mwaka 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani, manowari ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná ilizama karibu na ukuta wake. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu waliifukua, na vitu vingi vilivyotolewa vikahifadhiwa katika makumbusho ya ngome. Wataalamu wa kazi hiyo wanajua kwamba chuma kilichotoka baharini hakianikwi juani kikauke. Hulowekwa katika maji matamu yanayobadilishwa tena na tena mpaka chumvi itoke. Kikikaushwa na chumvi yake ndani, hupasuka na kubanduka vipande vipande.

Somo kwa mwenye pikipiki ni hili: usipake mafuta wala rangi juu ya chumvi. Itoe kwanza kwa maji matamu. Ukiifunika chumvi kwa grisi, umeifungia ndani ya nyumba pamoja na mtoto wako.

MANAHODHA WALILIJUA HILI

Wazee wetu hawakuwa na pikipiki, lakini walikuwa na majahazi, na majahazi nayo yana majira yake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi mpaka Bandari ya Kale. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Mwezi Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na Juni na Julai bahari huchafuka.

Katika miezi hiyo migumu, nahodha mwenye akili hakukiacha chombo chake kipigwe na mawimbi bure. Alikipandisha pwani, akakikwangua magamba, akaziba nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta, akakipaka sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na chini akakitia deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kusi ilipotulia, chombo kilishuka majini kikiwa kizima.

Tazama mpango wa kazi hiyo: kusafisha, kukausha, kuziba, kupaka, kupumzisha. Pikipiki inataka mpango huo huo. Wakati mzuri wa kuianza kazi ni Februari na mapema Machi, kabla ya mvua ya kwanza.

MAJI GANI UNAOSHEA?

Hapa ndipo watu wengi wa kisiwani hupotea. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na maji ya mfereji hayapatikani kila siku. Basi mtu huteka maji ya kisima, akaiosha pikipiki ikang'aa, akaenda zake akiwa ameridhika. Kumbe ameondoa vumbi na kuongeza chumvi!

Ukilazimika kutumia maji ya kisima kuondolea matope, sawa, lakini suuza kwa maji matamu mwishoni. Ndoo moja ya suuzo inatosha ukiimwaga kwa kopo, polepole, kuanzia juu hadi chini. Na masika yenyewe yanakuletea dawa: maji ya mvua ni matamu. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, maana paa nalo lina chumvi, kisha kinga maji yanayofuata katika pipa lenye mfuniko.

Tumia sabuni laini na kitambaa au burashi ya nyuzi laini. Ingia chini ya madigadi, kwenye rimu, katika spoki, chini ya injini na nyuma ya namba ya usajili. Usiielekeze mashine ya maji ya kasi kwenye beringi za magurudumu, cheni au nyaya za umeme. Maji yenye nguvu husukuma grisi nje na kuingiza maji mahali pake.

Baada ya kuosha, kausha kwa kitambaa, kisha iendeshe mwendo mfupi ili joto la injini limalize unyevu. Ndipo upake utandu mwembamba wa mafuta kwenye bolti, nati, spoki na sehemu zilizochubuka rangi. Jihadhari: mafuta yasifike kwenye breki wala kwenye uso wa tairi.

Mwenye kuvuka feri ya Likoni kila siku, au anayebeba samaki na barafu yake, aoshe mara mbili kwa wiki katika miezi ya kusi. Na siku za bamvua, maji ya bahari yanapopanda na kuacha madimbwi kwenye sehemu za chini, usiyapite ukidhani ni maji ya mvua. Ukishayapita, suuza siku hiyo hiyo.

ANAYEENDELEA KUENDESHA

Kwa wengi, hasa wa bodaboda, kuiweka pikipiki miezi mitatu ni ndoto. Chakula cha kesho kinatoka kwenye safari za leo. Kama wewe ni mmoja wao, kagua mambo manne kabla mvua haijatulia juu ya mji.

La kwanza ni cheni. Isafishe kwa burashi na mafuta ya taa, kamwe si kwa petroli, kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto upesi. Ifute, iache ikauke, kisha itie mafuta mazito ya giaboksi upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu kwa mkono na injini ikiwa imezimwa. Kuzungusha gurudumu kwa injini huku umeshika kitambaa ni njia ya kupoteza vidole. Katika masika, tia mafuta kila baada ya siku mbili au tatu. Ulegevu wa cheni kwa pikipiki nyingi ndogo ni sentimeta 2 hadi 3, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni.

La pili ni breki. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za dramu. Maji yakiingia ndani ya dramu, breki hulegea kwa muda. Vumbi na kutu vikishikana humo, breki hukwama au hupiga kelele. Mwambie fundi afungue magurudumu yote mawili, asafishe kwa kitambaa kikavu, apime vipande vya breki na kutia grisi kidogo kwenye mhimili unaovisukuma. Kama breki yako ya mbele ni ya diski, kumbuka kwamba mafuta yake hunyonya unyevu. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

La tatu ni tairi. Mifereji ya tairi haikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuyatoa maji chini ya tairi ili mpira uguse barabara. Tairi iliyolika ikawa kipara huteleza juu ya maji kama sabuni. Usisubiri Mei ndipo uanze kutafuta pesa ya tairi. Anza kuweka akiba Januari.

La nne ni umeme. Ondoa vichwa vya betri, visugue mpaka ung'ae metali, virudishe na uvipake vaselini. Fanya vivyo hivyo kwenye viungo vya taa na indiketa. Taa inayozimika kwenye mvua ya saa moja usiku humfanya dereva wa matatu asikuone hata akiwa na macho ya mwewe. Usisahau waya wa klachi na wa breki ya mbele: tonesha mafuta mepesi upande wa juu mpaka yatokee upande wa chini.

MWILI NAO UTAYARISHWE

Watu wa bara hutucheka tunapolalamika baridi ya Mombasa. Wao wana Limuru! Lakini baridi ya mwenye pikipiki haipimwi kwa hali ya hewa peke yake. Nguo zikilowa na upepo ukapiga, joto la mwili huondoka upesi hata mwezi wa Julai wa pwani. Vidole vikifa ganzi, breki hukawia kushikwa. Mtu anayetetemeka hana macho ya barabarani.

Vaa koti la mvua lenye kufungwa shingoni na mikononi, na ndani yake fulana kavu. Gazeti lililokunjwa kifuani chini ya koti huzuia upepo vizuri, na ni ujuzi wa waendesha pikipiki wa zamani kote duniani. Viatu viwe vya kufunika vidole, si kandambili. Weka fulana nyingine kavu ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inakutaka uvae helmeti na koti lenye viakisi mwanga, wewe na abiria wako, na ubebe abiria mmoja tu. Wakati wa mvua sheria hiyo haina haja ya askari kukukumbusha. Ukivaa koti jeusi la mvua juu ya koti la viakisi, umeyaficha mwenyewe. Viakisi viwe juu.

Na ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki? Unamfurahisha abiria, lakini upepo wa kusi ukiupata pale barabara inapotazama bahari, huwa tanga. Jahazi lilitengenezwa kusukumwa na tanga. Pikipiki haikutengenezwa hivyo. Siku ya upepo mkali, ukunje.

Tena angalia sana dakika za mwanzo za mvua. Mafuta yaliyodondoka kutoka magarini siku za kiangazi huelea juu ya maji, na barabara huteleza kuliko baada ya nusu saa ya mvua. Kabro zilizolowa katika mitaa ya Mji wa Kale, mifuniko ya vyuma na mistari ya rangi vyote ni vitelezi. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ndani ya kona. Shika breki zote mbili taratibu, na uongeze maradufu nafasi iliyopo kati yako na gari la mbele. Ukipita dimbwi, gusa breki kidogo kidogo huku ukienda, mpaka zikauke na kushika tena. Maji yanayokwenda kwa kasi usiyaingie kabisa, hata kama abiria anakuharakisha. Hujui chini yake kuna shimo gani.

ANAYEIWEKA

Wapo wanaolazimika kuiweka pikipiki. Kijana amepata mkataba wa kazi Ghuba. Mwalimu amekwenda likizo ndefu bara. Mzee ameshauriwa na daktari apumzike. Wengi huizima, wakaifunika nailoni na kuondoka. Wakirudi, huikuta imegeuka gofu. Kuweka ni kazi, si kuacha.

Osha na ukaushe kama tulivyoeleza. Kisha badilisha oili ya injini kabla ya kuiweka, si baada ya kurudi. Oili iliyotumika ina uchafu na asidi inayokwangua vyuma vya ndani miezi yote utakayokuwa mbali.

Fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi ndani ya silinda, chomoa waya wa plagi uuweke mbali, kisha piga kiki mara chache polepole. Oili hiyo hutandaa juu ya pistoni na ukuta wa silinda, na unyevu haupati pa kushika. Rudisha plagi.

Petroli nayo huharibika. Ikikaa mwezi mmoja hadi mitatu kwenye joto letu, sehemu zake nyepesi hupaa na kuacha utando unaonata, unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Funga koki ya petroli, fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage iliyobaki humo. Kama pikipiki yako ni ya kisasa isiyo na kabureta, fuata maagizo ya kitabu chake.

Je, tangi lijazwe au limwagwe? Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu, hivyo halipati kutu ndani. Kwa anayeweka pikipiki katika banda la nje lenye hewa, kujaza ni sawa. Lakini kama itakaa ndani ya nyumba wanamolala watu, mwaga petroli yote, kisha tia oili kidogo ndani ya tangi na kulitikisa ili ienee. Afadhali tangi lipate kutu kuliko nyumba ipate moto.

Betri iondoe na uiweke mahali pakavu, mbali na watoto. Betri ya kawaida ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 au zaidi. Ikishuka chini ya 12.4, ipelekwe ikachajiwe. Ipime kila mwezi. Betri iliyoachwa tupu miezi mitatu mara nyingi haifufuki.

Siku hizi zimeingia pia pikipiki za umeme. Betri zake hazipendi kukaa zikiwa zimejaa kabisa wala zikiwa tupu. Iache ikiwa nusu, mahali pakavu pasipo jua kali.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, juu ya ubao, si juu ya sakafu yenye unyevu. Jaza upepo tairi, na mwombe mtu wa nyumbani azungushe magurudumu kila baada ya wiki mbili. Injini ikipoa, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ili panya na mende wasihamie, na ufunge kikaratasi kwenye usukani cha kukukumbusha kukitoa. Funika kwa shuka kuukuu au turubai lisilobana. Nailoni iliyofungwa kotekote hunasa jasho la usiku, na pikipiki huchemka ndani yake kama muhogo wa mvuke.

PIKIPIKI NDANI YA NYUMBA

Hapa nawaomba akina mama na vijana wasikilize zaidi. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, vichochoro ni vyembamba na wezi wapo. Ndiyo maana wengi huingiza pikipiki ndani usiku, ikalala ukumbini au kwenye ujia wa kwenda uwani. Desturi hii inaeleweka, lakini ina hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Huteremka, hutambaa sakafuni na kufika kwenye jiko la makaa, meko ya gesi au mshumaa ulio chumba kingine. Funga koki kila usiku, nusa kama kuna harufu, na usiruhusu moto wowote kwenye njia hiyo. Tena, pikipiki isizibe mlango pekee wa kutokea. Moto ukizuka saa nane za usiku, watoto hawataweza kuiruka.

Hatari ya pili haionekani. Injini ikiwashwa ndani hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Asubuhi ya mvua, baba huona taabu kuisukuma nje, akaiwasha ukumbini ipate joto huku watoto wamelala chumbani na madirisha yamefungwa. Mama, mzuie. Isukumwe nje kwanza, ndipo iwashwe, hata kama mvua inanyesha.

KUIAMSHA

Kusi ikitulia mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli za Oktoba na Novemba, ndio wakati wa kuiamsha. Toa kitambaa cha ekzosi. Rudisha betri iliyochajiwa. Tia petroli mpya. Jaza upepo tairi na uangalie kama zimepasuka ubavuni. Jaribu breki ukiisukuma kwa mkono kabla hujaipanda. Tazama nyuma ya kiti na kwenye kisafisha hewa, huenda panya amezaa. Piga kiki mara kadhaa bila kuwasha ili oili ienee, kisha iwashe nje. Itatoa moshi kwa muda mfupi. Ni ile oili ya kijiko inayoungua. Siku ya kwanza usibebe abiria.

Msomaji mpenzi, vingi katika tulivyovitaja havihitaji fundi. Vinahitaji ndoo moja ya maji matamu, kitambaa, burashi, mafuta ya taa, oili na nusu siku ya Jumapili. Kijana wa miaka kumi na miwili anaweza kusugua spoki. Msichana anaweza kuandika katika daftari tarehe ya oili, ya cheni na ya breki. Mke anaweza kuuliza kila jioni ya kusi swali moja tu: "Umeisuuza?" Pikipiki inayoilisha nyumba nzima haifai kutunzwa na mtu mmoja.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na mpaka leo kuta zake zimesimama mbele ya bahari hiyo hiyo. Hazikusimama kwa unene wake tu. Kila zama zilikuwa na watu wa kuzikarabati, na miaka ya karibuni ulijengwa hata ukuta wa kuzuia mawimbi yasile mwamba uliobeba ngome. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye pikipiki ufa ni kidoa chekundu cha kutu kwenye cheni. Kiondoe wiki hii, kabla mawingu ya masika hayajakusanyika.